Taya linaporefushwa: jinsi ya kutunza ngozi, misuli na neva za mgonjwa nyumbani

"Ngozi haitapasuka?" "Mbona mdomo wa chini umekufa ganzi?" "Tukizungusha mara nne kwa siku badala ya mbili, si tutamaliza mapema?"

Mimi ni kine (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) hapa Lubumbashi, na familia zenye mtoto aliyewekewa kifaa cha kurefusha taya huniuliza haya karibu kwa maneno yaleyale. Wengi wamepasuliwa mbali, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, wakarudi na ufunguo mdogo wa chuma, karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, na woga mwingi. Hakuna anayeniuliza juu ya mfupa. Wote wanauliza juu ya ngozi, mdomo, fizi, maumivu ya shavu. Na wako sahihi: mfupa ukishakatwa na kuwekewa kifaa, kazi yake kubwa ameshaifanya daktari. Kilichobaki mikononi mwako ni nyama inayouzunguka, na nyama hiyo ndiyo inayoamua tuende mwendo gani.

Mwongozo huu ni wa taya la chini, ambalo ndilo ninaloliona zaidi: mtoto aliyezaliwa na kidevu kidogo, upande mmoja wa uso uliobaki nyuma, au taya lililoganda utotoni baada ya kuanguka au usaha wa sikio, halafu likaacha kukua. Karatasi ya daktari aliyepasua ikisema tofauti na mimi, fuata karatasi.

Maneno machache juu ya kinachotokea

Mfupa hukatwa, kifaa hufungwa pande zote mbili za mkato, kisha huachwa siku kadhaa, mara nyingi 5 hadi 7 (kwa watoto wachanga huwa pungufu). Baada ya hapo pande mbili hutenganishwa polepole, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya huota katikati. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, alijaribu kasi mbalimbali kwa miguu ya mbwa. Nusu milimita kwa siku mara nyingi ilifanya mfupa ufunge kabla ya wakati. Milimita 2 ziliumiza tishu zinazovutwa. Milimita 1 ilifaa, na ilifaa zaidi ilipogawanywa katika vipande vidogo vidogo vya siku nzima. Mwaka 1992 Joseph McCarthy na wenzake wa New York walitoa taarifa ya kurefusha taya la chini la watoto kwa njia hiyo.

Nyama hainyooki tu kama mpira. Inakua. Misuli iliyolala kuelekea upande wa kuvutwa huongeza vipande vipya vya kujikunja, kimoja baada ya kingine, mpaka urefu utoshe. Mishipa ya damu huongezeka, ngozi nayo huongeza seli. Neva ndiyo mvivu kuliko wote. Haya yote yanahitaji muda, na ndiyo sababu jibu la swali la "mara nne kwa siku" ni hapana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka hospitali

- Ufunguo wa kifaa, umefungwa kamba nyekundu au kitambaa chenye rangi kali. Omba wa pili.
- Karatasi inayosema: zungusha upande gani, mzunguko mmoja ni milimita ngapi, mara ngapi kwa siku, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Vifaa havifanani: kimoja mzunguko ni nusu milimita, kingine ni milimita nzima.
- Namba ya simu ya mtu anayejibu, si ya mapokezi tu.
- Daftari, kalamu, rula ya milimita.
- Tochi. Umeme hukatika saa ileile ya kuzungusha.
- Mswaki laini wa mtoto mdogo, chumvi, maji yaliyochemshwa, sirenji ya 20 ml isiyo na sindano.
- Konpresi safi (vipande vya shashi ya hospitali).
- Spatula za mbao za hospitali, zile za kubania ulimi, pakiti moja.
- Paracetamol ya kipimo cha uzito wake: miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa siku.

Hatua kwa hatua

1. Zungusha mara ya kwanza mbele ya muuguzi. Usikubali kuonyeshwa tu. Shika ufunguo mwenyewe, zungusha mwenyewe, aseme ndiyo. Kama baba na mama wote wataifanya kazi hii, wajifunze wote wawili. Nimeona nyumba ambapo aliyefundishwa alikuwa shangazi, naye akasafiri Likasi.

2. Piga picha za mwanzo na upime hisia. Picha tatu: mbele, kulia, kushoto, mtoto akiwa amefunga mdomo bila kukaza. Kisha moja akitabasamu na kuonyesha meno. Hisia zipime kama hatua ya 5 inavyoeleza. Hiyo ya nne ni muhimu kuliko unavyodhani: neva ndogo inayoshusha pembe ya mdomo hupita chini kabisa ya taya, karibu na mahali pa kisu. Ukijua tabasamu lilivyokuwa siku ya kwanza, hutagombana na mtu baadaye kuhusu lini lilipinda.

3. Siku za kungoja, usiguse kifaa. Uso utavimba, uvimbe kwa kawaida hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Alale kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili, umwekee kitambaa cha maji baridi dakika chache chache. Hapa nyumbani bibi ataleta beseni la maji ya moto akande shavu. Mshukuru, umpe kazi nyingine. Kukanda kwa moto huongeza uvimbe, na kunasukuma kifaa.

4. Kuzungusha. Chagua saa mbili zisizobadilika, mathalani saa moja asubuhi na saa moja jioni, na uweke alamu kwenye simu. Paracetamol itangulie kwa nusu saa siku za mwanzo. Nawa mikono. Mkalishe mtoto kwenye kiti chenye mgongo, kichwa kiegemee ukuta. Mdogo zaidi, msaidizi amkumbatie toka nyuma. Shika ile fimbo ya kifaa kwa vidole viwili isicheze, ingiza ufunguo mpaka ukae vizuri, zungusha polepole kufuata mshale. Mpaka hapo unasikia upinzani kidogo, kama kufunga kifuniko cha chupa kwa upole. Ukimaliza, chomoa ufunguo *bila kuurudisha nyuma*. Hapa ndipo wengi hukosea: wanazungusha mbele, halafu wakati wa kuchomoa mkono unarudi robo.

Andika palepale. Usiseme utaandika baadaye, maana jioni baba atauliza kama asubuhi ilifanyika na wote mtatazamana.

Mtoto atasema shavu limekaza, au meno yanabanwa. Kukaza huko hupungua baada ya muda mfupi, na kila siku huwa kitu kilekile. Maumivu yanayozidi siku hadi siku ni habari nyingine. Yaandike na upige simu.

Ukisahau mara moja, usizungushe mara mbili kwa mpigo kufidia. Endelea na ratiba na umjulishe daktari. Kuruka mara nyingi ni hatari ya aina yake: kwa mtoto mdogo mfupa hufunga haraka, na ukifunga kifaa hakisogei tena.

5. Kagua neva kila baada ya siku mbili tatu. Ndani ya mfupa wa taya la chini inapita neva inayoleta hisia ya mdomo wa chini, kidevu na meno. Mkato hupita karibu nayo, na kila unapozungusha unaivuta. Mwambie mtoto afumbe macho. Chukua uzi wa pamba, gusa kidevu kulia, kisha kushoto, kisha mdomo wa chini pande zote. Aseme umegusa wapi. Kisha rudia kwa ncha butu ya kijiti cha kiberiti. Andika: "sawa", "kidogo", "hasikii".

Ganzi au kuchomachoma kama sisimizi ni jambo la kawaida, na kwa mwendo wa milimita 1 mara nyingi hisia hurudi taratibu, kwa wengine baada ya miezi. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko: aliyekuwa anasikia wiki iliyopita sasa hasikii kabisa, au amepata maumivu makali ya kama umeme. Daktari anaweza kupunguza mwendo, na kupunguza mwendo mapema huokoa neva. Wakati huohuo mlinde: mtoto asiyesikia mdomo wake huutafuna bila kujua, au huunguzwa na uji. Onja wewe kwanza.

6. Ngozi na pini. Kama kifaa kiko ndani na kimetoa kichwa kidogo tu, kazi ni ndogo. Kama kiko nje na pini zinapita kwenye ngozi ya shavu, hapa tukae kidogo.

Asubuhi na jioni, kabla ya kuzungusha: konpresi yenye maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, zungusha kuzunguka kila pini kutoka kwenye pini kwenda nje, konpresi moja kwa pini moja. Maganda laini yatoke; yaliyoshika sana yaloweshe kwanza, usiyabandue. Usipake majivu, majani wala dawa ya meno. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi letu jekundu huingia hata kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo funika pini kwa konpresi kavu ukitoka nje, na mtoto asikae mbele kwenye pikipiki ya manseba (dereva wa pikipiki ya abiria).

Utaona ngozi mbele ya pini imejikunja na nyuma yake imenyooka. Pini inasafiri na mfupa, ngozi inaifuata nyuma, na njia yake huacha kovu jembamba. Hilo linatarajiwa. Ila ngozi ikigeuka nyeupe na kung'aa kwa kukazwa, au ikaanza kuchanika kando ya pini, acha kuzungusha mpaka uzungumze na hospitali. Wekundu unaopanuka, joto, usaha wenye harufu: simu siku hiyohiyo.

Kama katika ukoo wenu kuna watu wanaoota makovu manene baada ya kutoboa masikio au kukatwa kidogo, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Wengi hawalisemi kwa sababu hawakuulizwa.

7. Misuli: kufungua mdomo. Hii ndiyo kazi yangu, na ndiyo inayoachwa kwanza. Msuli wa kutafunia, ule unaovimba shavuni ukibana meno, ni mnene na una nguvu. Unapovutwa huuma, mtoto huogopa, mdomo unabaki nusu wazi, na wiki zikipita unazoea hapo. Kwa aliyekuwa na taya lililoganda hatari ni mara mbili, maana kiungo kinaweza kuganda upya.

Anza siku aliyosema daktari, si kabla. Pima kwanza: rula kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima hufungua milimita 35 hadi 50. Kipimo rahisi cha mtoto ni vidole vyake mwenyewe vitatu vilivyosimama. Kisha chukua spatula zinazoingia bila shida, tuseme nane, zipange pamoja, aziume kwa meno ya upande, si ya mbele. Ingiza ya tisa katikati ya zile nane, polepole, inasukuma kama kabari. Kaa hapo, mhesabie au mwimbie wimbo mmoja, toa, pumzika. Rudia mara tano, mara tatu au nne kwa siku. Kesho lengo ni kuanzia tisa. Maumivu ya kuvutika shavuni yanaruhusiwa. Maumivu makali mbele ya sikio, pale kiungo kilipo, hayaruhusiwi: kiungo hicho kinabeba mzigo wa kusukumwa wakati wote wa kurefusha.

Ulimi nao unasafiri. Misuli yake mikubwa imeshikwa nyuma ya kidevu, kwa hiyo kidevu kikienda mbele ulimi unavutwa mbele. Ndiyo maana watoto wachanga wenye kidevu kidogo sana, waliokuwa wanazibwa hewa na ulimi wao wenyewe, huanza kupumua vizuri hata kabla ya kurefusha kwisha. Wazazi huniambia kitu cha kwanza walichokiona ni usingizi wa kimya.

8. Chakula na kinywa. Asitafune kitu kigumu mpaka aruhusiwe. Uji mzito wenye karanga zilizosagwa, mayai, parachichi, kapenta (dagaa) iliyotwangwa na kuchujwa kwenye mchuzi, sombe (majani ya muhogo) iliyopondwa sana, bukari (ugali) laini iliyoloweshwa. Mpime uzito kila wiki. Mtoto anayepungua hawezi kuotesha nyama mpya, hilo halina siri. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, si mbaya, lakini si chakula.

Baada ya kila mlo: maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, asukutue, asiyeweza, tumia sirenji kwa upole. Kama mkato umepita kati ya meno, pale ufizi utakuwa mwekundu, umevutwa, na pengo litaonekana kukua. Piga mswaki hapohapo, kwa upole. Ufizi mchafu huvimba, na wazazi hudhani ni kifaa kinachoharibu.

Meno hayatakutana kama zamani. Upande uliorefushwa unaweza kufunguka, pengo la kupitisha ulimi. Usiache kuzungusha kwa sababu hiyo: daktari ameshalihesabia, na kwa mtoto anayekua mara nyingi hupeleka kidevu mbele kupita katikati kwa makusudi.

9. Kushikilia. Tarehe ya kuacha imefika, kidevu kimetoka, familia imefurahi, na sasa wanataka chuma kitoke. Hapana. Mfupa mpya bado ni laini, na misuli yote iliyovutwa inavuta kurudi nyuma. Kifaa hubaki bila kuguswa wiki 6 hadi 12, kwa wengi angalau mara mbili ya muda wa kuzungusha, mpaka radio (picha ya eksirei) ionyeshe mfupa umejaa. Kukitoa mapema ni kuiachia misuli irudishe ulichokilipia. Shule ruksa, mpira hapana. Mazoezi ya spatula yaendelee kama ulivyoruhusiwa.

10. Baada ya kutoa. Usihukumu uso mwezi wa kwanza. Uvimbe wa ndani hukaa miezi, na misuli inaendelea kujipanga. Ngozi ya kidevu hufuata mfupa karibu milimita kwa milimita. Aliyerefushwa taya la juu asitarajie hivyo: mdomo wa juu hufuata pungufu, na ncha ya pua huinuka kidogo. Kovu likishafunga kabisa, lisugue kwa kidole na vaselini dakika tano mara mbili kwa siku, na ulifunike jua.

Kwa aliyezaliwa na upande mmoja mdogo, sema ukweli mapema: mfupa utafika, lakini shavu lililokosa nyama tangu tumboni halijai kwa sababu mfupa umerefuka. Kujaza shavu ni upasuaji mwingine, mara nyingi wa kuhamisha mafuta, na hufanywa baadaye.

Mambo yakienda vibaya

*Anapumua kwa shida, anakoroma akiwa macho, midomo inageuka bluu, au damu haisimami.* Usipige simu ya ushauri. Hospitali ya karibu, sasa hivi, akiwa amekaa wima.

*Ufunguo umekuwa mgumu ghafla.* Usilazimishe. Labda mfupa unafunga, labda kifaa kimefika mwisho. Hesabu mizunguko kwenye daftari, kisha piga simu.

*Unazunguka bure, bila upinzani wowote, na mtoto hasikii kukaza.* Huenda ufunguo haukuingia vizuri. Jaribu mara moja tena. Ikiwa vilevile, visi (skrubu) imelegea au kifaa kimekatika; anahitaji radio.

*Nimezungusha kinyume.* Usirekebishe kwa kukisia. Andika ulichofanya na saa, uulize.

*Anadondosha mate kutwa.* Mdomo wenye ganzi hausikii mate. Paka vaselini kidevuni ngozi isichubuke, mkumbushe kumeza. Hupungua hisia ikirudi.

*Pembe ya mdomo imepinda anapocheka.* Linganisha na picha ya nne. Kama ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, mara nyingi neva imechoshwa na upasuaji na hurudi kwa miezi. Kama imepinda katikati ya kuzungusha, siku hiyohiyo simu.

*Mdomo unafunguka pungufu kuliko wiki iliyopita.* Angalia kwanza kama mazoezi yanafanyika kweli, si yanaandikwa tu. Kama yanafanyika na namba inashuka, usingoje miadi.

*Homa siku chache baada ya upasuaji.* Kwetu kila homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, kwa hiyo apimwe. Lakini angalia na pini, na ndani ya kinywa, kabla ya kuridhika na kidonge.

*Ufunguo umepotea.* Usitumie koleo wala bisibisi ya fundi redio. Kichwa cha kifaa kikichubuka, hata ufunguo sahihi hautakishika. Kukosa siku moja kwa kawaida hakuleti shida. Siku tatu nne kwa mtoto mdogo zinaweza kufunga mfupa, kwa hiyo piga simu kabla hata hujamaliza kutafuta chini ya kitanda.